Anzia kwenye robo, si kwenye jina

Barua imetoka kwa mama mmoja wa Mombasa aliyeolewa Saskatoon, Kanada. Nyanya ya mumewe, ajuza wa miaka tisini na moja, amemkabidhi kopo la biskuti lililojaa karatasi za ukoo, na binti yake aliye darasa la saba ametakiwa shuleni kuandika habari za vizazi vyao. Hadithi ya nyumbani ni fupi: babu wa kwanza alitoka Galisia, eneo la Waukraine na Wapolandi huko Ulaya ya mashariki, mwaka 1903 akiwa na dola kumi mfukoni, karani wa bandarini akamharibia jina, akapewa pori tupu, akaligeuza shamba. Mama anauliza ni kiasi gani cha hadithi hiyo ni kweli na aanzie wapi, maana jina la ukoo ndani ya kopo limeandikwa kwa namna tano. Mwishoni, kama anayepita njia tu, ameongeza kwamba mwanafunzi mmoja alimwambia binti yake historia hiyo haimhusu, kwani watu weusi walifika huko juzi.

Dada yangu,

Nianze na kopo lenyewe, kwa sababu jibu lako la kwanza limo humo na umelipita ukidhani ni namba ya risiti. Ile karatasi ya manjano uliyoipiga picha ina maandishi ya penseli upande wa nyuma: NE 22-41-1-W3. (Nimebadilisha tarakimu moja, shamba la watu lisijulikane.) Hiyo ndiyo anwani ya ukoo wenu, na ina thamani kuliko yale majina matano yote.

Isome kama unavyosoma Kiarabu, kutoka kulia. W3 ni magharibi ya meridiani ya tatu, mstari unaoshuka kwenye longitudo 106. Moja ni safu ya kwanza ya miraba upande wa magharibi wa mstari huo. Arobaini na moja ni mraba wa 41 ukihesabu kutoka mpaka wa Marekani kwenda kaskazini; kila mraba ni maili sita kwa sita, kwa hiyo mko karibu kilomita 390 juu ya mpaka. Ndani ya mraba mna sehemu 36, kila moja maili moja ya mraba. Hesabu yake huanzia pembe ya kusini mashariki, ikaenda magharibi hadi sita, ikapanda, ikarudi mashariki, kama maksai wa plau wanavyogeuka mwisho wa shamba. Yenu ni ya 22. NE ni robo yake ya kaskazini mashariki: eka 160, kama viwanja tisini hivi vya mpira. Wakulima wa huko, wakitaja pale ukoo ulipoanzia, husema "robo ya nyumbani", na kila mtu mezani anajua ni ipi.

Hata ile 22 peke yake ina habari. Serikali ilipopima nyanda hizo ilitenga sehemu zenye namba shufwa kwa walowezi, za witiri nyingi zikaenda kwa makampuni ya reli, ya 11 na ya 29 zikawekwa kuuzwa kwa ajili ya shule, na ya 8 pamoja na sehemu kubwa ya 26 zikabaki kwa Hudson's Bay Company, ile kampuni ya manyoya. Angeniambia mtu kwamba babu yake alipewa robo ya sehemu ya 15 bure, ningemwomba akaangalie tena. Yawezekana aliinunua kwa watu wa reli, na hiyo ni hadithi nyingine yenye madeni ndani yake.

Sababu ya kukusukuma kwenye ardhi kabla ya jina ni kwamba mimi mwenyewe niliungua. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii ya kufuatilia koo za watu nilimfuata mtu kwa jina, sensa hadi sensa, majira ya baridi mazima. Nikampatia mke, watoto sita na kaburi. Kumbe walikuwa binamu wawili wenye jina moja, robo zao zikigusana pembeni. Mjukuu aliyenilipa ndiye aliyenishika: kaburi nililompeleka lilikuwa kwenye uwanja wa kanisa la Kiorthodoksi, na babu yake alikuwa Mkatoliki wa madhehebu ya Kigiriki aliyeapa hata maiti yake isipitishwe mlangoni pale. Ningetazama namba ya robo tangu mwanzo, ningewatenganisha siku ya kwanza.

Sasa hadithi ya karani. Nchi nzima inayo, na mara nyingi karani hana hatia. Wa bandarini, Halifax au Quebec, alikuwa na orodha iliyokwisha kuandikwa na watu wa meli kule Hamburg au Antwerp. Yeye aliweka alama tu. Jina liliharibika polepole, na wengi walilishika mkono. Kwanza, babu yenu aliliandika, kama aliandika, kwa herufi za Kisirili. Ile herufi ya Г Mwukraine huitamka kama H, Mrusi kama G. Mtu mmoja akawa na majina mawili kabla hajashuka garimoshini. Halafu kuna wa posta, mwenye duka la mikopo, padri aliyeandika kwa Kilatini, na mwalimu wa shule aliyeona tabu kumwita mtoto Wasyl akamwita William. Mwisho kabisa ni watoto wenyewe, miaka ya 1920 na 1930, wakitafuta kazi mjini ambako jina refu lenye "czuk" mwishoni lilifunga milango. Ukipata tarehe ambayo jina lilikatwa, andika ni nani alilikata. Nionavyo, hiyo ina uzito kuliko tahajia yenyewe.

Taifa lake nalo usilisumbukie. Mtu huyo huyo anaweza kuwa Mgalisia kwenye karatasi moja, Muaustria kwenye ya pili, Mruthenia kwenye ya tatu, Mpolandi kwenye ya nne, bila kuhama hata hatua. Galisia ilikuwa chini ya dola ya Austria hadi mwaka 1918.

Dola kumi. Hizi zimenichekesha kidogo, kwa sababu kila babu wa nyanda zile alikuja na dola kumi. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1872, dola kumi ndiyo ilikuwa ada ya kujiandikishia robo. Nashuku kwamba kilichobaki kwenye kumbukumbu za familia nyingi ni ada aliyolipa, si akiba aliyokuja nayo. Na ardhi ikiitwa ya bure, jozi ya maksai haikuwa bure, wala plau, wala gari la mbao, wala mbegu. Kuisimamisha robo kulihitaji mamia ya dola, ndiyo maana wanaume waliondoka kila mwaka kwenda kutandika reli au kuchimba makaa ya mawe, na wake zao wakabaki na watoto katika kibanda kilichochimbwa nusu chini ya ardhi na kuezekwa mabonge ya nyasi na udongo.

Haya utayaona kwenye jalada lake, na jalada ndilo nitakalokuhimiza ulitafute kabla ya karatasi nyingine yoyote iliyo nje ya kopo. Lipo katika Hifadhi ya Nyaraka ya jimbo la Saskatchewan. Faharasa yake iko mtandaoni na unaweza kuitafuta kwa namba ya ardhi bila kutaja jina kabisa. Ndani huwa na fomu ya kujiandikisha na, miaka mitatu au zaidi baadaye, tamko la kiapo la kuomba hati miliki. Masharti yalikuwa kuishi pale walau miezi sita kila mwaka kwa miaka mitatu, kujenga nyumba, kulima eka kadhaa, aghalabu thelathini, na kwa mgeni, kuwa raia wa Uingereza, maana ndio uliokuwa uraia wa Kanada wakati ule. Ili kuthibitisha hayo aliulizwa maswali ambayo hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza baba yake.

Jalada moja nalikumbuka kana kwamba nimelishika jana. Nyumba: magogo, imekandikwa udongo, futi 14 kwa 20, thamani dola 75. Zizi moja. Kisima kimoja. Eka zilizovunjwa mwaka wa kwanza: nne. Wa pili: saba. Wa tatu: tisa. Ng'ombe wawili, kisha watano, farasi hakuna. Alikuwa wapi Novemba hadi Machi? "Kazini relini." Sahihi ni alama ya msalaba, na majirani wawili wameapa kwamba anasema kweli. Kwenye fomu ya mwanzo familia yake ni mke na watoto watatu. Kwenye kiapo cha mwisho ni mke na watoto wawili. Hakuna maelezo, fomu haikuwa na nafasi ya maelezo. Ilibidi mjukuu aende kwenye kitabu cha ubatizo na maziko cha parokia, akamkuta mtoto wa kike, miezi kumi na minne, Februari, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumsikia. Hesabu hao watoto, dada. Ukiona idadi imeshuka, usimwulize nyanya mbele ya watu.

Baada ya jalada, sensa. Kanada ilihesabu nchi nzima 1901, 1911, 1921 na 1931, na katikati, mwaka 1906, 1916 na 1926, ikahesabu majimbo matatu ya nyanda peke yake. Za 1906 na 1916 ni tamu kwako kwa sababu zina safu za mraba na meridiani. Utafuata robo, jina liwe limeandikwa na mlevi. Ya 1931 ilifunguliwa mwaka 2023, kwa kuwa sheria huifunga sensa miaka 92.

Hapo kwenye pori tupu nitakaa zaidi. Fish Creek, mahali kopo lenu linapopataja, si jina la kijiji cha Waukraine tu. Tarehe 24 Aprili 1885 Wametisi wakiongozwa na Gabriel Dumont walipigana hapo na jeshi la serikali, na tarehe 9 hadi 12 Mei wakashindwa Batoche, mwendo wa asubuhi moja kwa farasi kutoka hapo. Wametisi ni watu waliotokana na ndoa za wanawake wa kienyeji, Wakrii na wengine, na wafanyabiashara wa manyoya wa Kifaransa na Kiskoti. Mashamba yao yalikuwa vipande virefu vyembamba vinavyoanzia mtoni kwenda bara, ili kila nyumba ipate maji, miti na malisho. Serikali ikaja na miraba yake ile ya maili sita kwa sita, na moja ya manung'uniko yao makubwa lilikuwa hilo: mstari wa mpima ardhi ulipita katikati ya ua wa mtu. Kiongozi wao Louis Riel alinyongwa Regina tarehe 16 Novemba 1885. Babu yenu alifika miaka kumi na minane baadaye. Waliokuwa na miaka thelathini siku ya vita walikuwa hawajafika hamsini.

Na kabla ya hapo palikuwa na Mkataba wa Sita, kati ya serikali na wenyeji wa nchi, uliotiwa sahihi Fort Carlton mwezi Agosti 1876. Chifu One Arrow wa Wakrii aliweka alama yake pale, na hifadhi ya watu wake, yaani ardhi waliyotengewa, iko pua na mdomo na Batoche hadi leo. Baada ya vita alihukumiwa miaka mitatu gerezani Stony Mountain, akaachiwa akiwa mgonjwa, akafa mwaka 1886 mbali na kwao. Mabaki yake yalirudishwa nyumbani mwaka 2007.

Kwa hiyo pori halikuwa tupu, lilikuwa limefanywa tupu, na mwandishi wa darasa la saba anaweza kuiandika tofauti hiyo kwa kitenzi kimoja. Lakini asiishie hapo, kwa sababu hadithi nzuri imo katika ujirani. Mlowezi wa Galisia, hata kama hajui neno la Kiingereza, alipakia ngano yake garini akaenda kuiuza mahali popote. Mkulima Mkrii wa hifadhi ya jirani alihitaji kibali cha wakala wa serikali kuuza gunia lake, na baada ya 1885 akahitaji pasi hata kutoka nje ya hifadhi, ingawa pasi hiyo haikuwa na sheria nyuma yake. Ardhi ile ile, mvua ile ile. Wametisi waliopoteza vipande vyao walipewa hati za kubadilishia ardhi au fedha, za eka au dola 160 au 240, nyingi zikaishia mikononi mwa walanguzi. Baadhi ya familia zikaishia kujenga vibanda kwenye ule ukanda wa futi 66 ulioachwa kati ya sehemu kwa ajili ya barabara. Waliitwa watu wa kando ya barabara. Mwulize nyanya kama aliwahi kuona moshi wa nyumba za barabarani akiwa mtoto. Wazee wengi waliuona, na wengi wanakumbuka ni nani aliyekuja kung'oa mawe shambani kwa kutwa.

Wala usimfanye babu kuwa jitu. Sisi tukisikia neno setla picha inayotujia ni ya mtu mwenye maelfu ya eka na foleni ya vibarua. Huyu alikuwa na eka 160, mkewe, na maksai wa kuazima. Kwao Galisia mashamba yalikuwa yamegawanywa kwa wana hadi kufikia vipande ambavyo mbuzi akilala mguu wake uko kwa jirani. Na nchi iliyompa ardhi ikamgeuka: vita vilipoanza mwaka 1914, aliyezaliwa chini ya Austria akawa adui. Watu wapatao 80,000, wengi wao Waukraine, waliandikishwa na kutakiwa kuripoti kwa askari, na 8,579 wakafungiwa makambini, Waukraine wakiwa ndio wengi. Mwaka 1917 sheria ya uchaguzi wa wakati wa vita iliwanyang'anya kura waliotoka nchi za adui wakapata uraia baada ya Machi 1902. Kama babu alipata uraia mwaka 1906 au 1907 ili apate hati yake, alikuwa na ardhi na hakuwa na kura. Tazama kama kopo lina kadi ndogo yenye mihuri ya kila mwezi. Watu wengi waliichoma. Baadhi waliificha chini ya picha za watakatifu.

Kizazi cha pili, yaani mwanawe, nitakipita haraka, maana utakipata kwa urahisi. Alikwenda shule ambako Kiukraine kilikuwa mwiko, hasa baada ya 1918. Alijiunga na ushirika wa ngano ulioanzishwa Saskatchewan mwaka 1924, akaona bei nzuri miaka michache, kisha bei ikaanguka hadi chini ya senti 40 kwa busheli, kama kilo 27 za ngano, mwishoni mwa 1932. Kusini vumbi lilizika nyua za mashamba. Kwenu kaskazini mvua haikukauka hivyo, ila bei ilikuwa ile ile. Watu wakafunga magari yao nyuma ya farasi kwa kukosa petroli wakayapa jina la waziri mkuu Bennett. Takriban watu robo milioni waliondoka nyanda kati ya 1931 na 1941. Ndugu wa babu anayetoweka kwenye karatasi miaka hiyo, mtafute British Columbia kabla hujamzika.

Kizazi cha tatu ni cha mume wa nyanya, naye alikuwa ama mmezaji au mmezwaji. Saskatchewan ilikuwa na mashamba zaidi ya 142,000 mwaka 1936. Mwaka 2021 yalibaki kama 34,000, na wastani wa kila moja ni zaidi ya eka 1,700. Eka 160 za mwanzo sasa ni kona ya shamba la mtu. Ghala refu la mbao lililosimama kando ya reli, lililoonekana maili kumi, limebomolewa karibu kila kijiji, na reli yenyewe imeng'olewa. Barua yako inasema robo bado ni yenu. Kama ni kweli, jimbo lina tuzo kwa ukoo uliokaa na shamba moja miaka mia. Ombi lake lenyewe hudai nyaraka, na hapo umepata kisingizio cha kuzikusanya.

Kuna kitabu kimoja utakachopewa na kila mtu: historia ya wilaya, jalada gumu, kilo mbili, kilichoandikwa na kamati ya wakina mama wa kijiji. Vilitoka kwa mafungu, vingi kwa ajili ya jubilei ya 1955, ya Kanada ya 1967, na hasa ya miaka 75 ya jimbo mwaka 1980. Kila familia iliandika kurasa zake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na humo kila ngozi imevutwa: hakuna aliyelewa, hakuna aliyefilisika, kila mke alikuwa mpishi hodari wa pai. Kitumie kwa picha, kwa tarehe za harusi na kwa ramani ya mwisho yenye majina juu ya robo. Kisha kisome tena ukitafuta wasiomo. Karibu wanne katika kila kumi waliojiandikisha kupata robo hawakufikia hati. Hao hawakuwa na mjukuu wa kuandika ukurasa mwaka 1980, ila majalada yao yapo, na mara kwa mara robo ya babu yako ilikuwa na mtu wa kwanza aliyeshindwa kabla yake. Angalia jalada lenu kama lina fomu ya kufuta. Inawezekana babu alikuta eka nne zimeshavunjwa na kibanda kimeanguka.

Na sasa nyanya mwenyewe. Umeniandikia kurasa tatu za ukoo wa mumewe na mstari mmoja kumhusu yeye. Si kosa lako. Karatasi zilipangwa hivyo. Chini ya sheria ya 1872 mke wa mtu hakuweza kujiandikishia robo. Mwanamke aliipata akiwa mkuu wa familia, kwa kawaida mjane mwenye watoto. Wachache wenye fedha walipita mlango wa nyuma: askari waliopigana Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini walipewa mwaka 1908 hati za eka 320 kila mmoja, hati hizo zikauzika, na wanawake wakazinunua. Wengine walilima maisha yao yote ardhi isiyo na jina lao. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Irene Murdoch wa Alberta, aliyekuwa amekata majani, amepiga chapa ng'ombe, ameendesha lori na kulisimamia ranchi mumewe akiwa kazini kwingine, miezi mitano hivi kila mwaka. Akaambiwa kazi hiyo ni ya kawaida kwa mke yeyote wa ranchi, haimpi sehemu. Jaji mmoja tu, jina lake Bora Laskin, ndiye aliyepinga. Hasira iliyofuata ndiyo iliyobadilisha sheria za mali za ndoa majimboni mwishoni mwa muongo ule. Nyanya alikuwa na miaka kama arobaini wakati huo, na nina hakika kesi hiyo ilizungumzwa jikoni kwake, mlango ukiwa umefungwa. Ana maoni. Mwulize.

Nimefika kwa yule mwanafunzi wa "juzi".

Mwambie binti yako aangalie ramani, bado W3, magharibi zaidi karibu na mpaka wa Alberta. Kaskazini ya mji wa Maidstone kuna sehemu iitwayo Eldon, na hapo limesimama kanisa la magogo la Shiloh pamoja na makaburi yake. Waliolijenga walikuwa Wamarekani weusi waliotoka Oklahoma kuanzia 1910. Oklahoma ilipokuwa jimbo mwaka 1907, bunge lake lilianza mara moja kutenganisha watu kwa rangi kwenye treni, kisha mwaka 1910 likawanyima weusi kura kwa hila. Zaidi ya watu elfu moja wakaenda kaskazini: Eldon huku Saskatchewan, na Alberta wakaanzisha Amber Valley (karibu na Athabasca), Keystone, Wildwood na Campsie. Walilipa dola kumi zile zile, wakavunja eka zile zile thelathini, tena katika misitu na vinamasi vilivyowashinda wengine. Serikali ilishtuka. Tarehe 12 Agosti 1911 baraza la mawaziri la Wilfrid Laurier lilipitisha amri ya kuwazuia watu weusi kuingia kwa mwaka mmoja, kwa madai kwamba hawaifai hali ya hewa ya Kanada. Amri haikutekelezwa, ikafutwa Oktoba, lakini mawakala walikwisha tumwa Oklahoma kuwatisha watu na baridi.

Walio tayari ndani walibaki. Mwaka 1954 Violet King, ambaye babu na bibi yake walifika Keystone mwaka 1911, aliapishwa Calgary kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili Kanada. Kati ya robo ya babu na joho la mjukuu ni miaka 43. Familia za Eldon zilipata ardhi miaka saba tu baada ya babu yenu wa Galisia, na majalada yao yamewekwa katika hifadhi ile ile, fomu ile ile, swali la zizi na la kisima vile vile. Binti yako atakapoomba jalada la ukoo wake, aombe na moja la Eldon, ayaweke mezani sambamba. Hiyo ni insha tayari, na mwalimu hajapata kuiona.

Shule imesema vizazi vinne, lakini nyinyi mko sita, na hapa Kiswahili kinakuokoa: Kiingereza hurundika neno lile lile mara tatu, sisi tuna mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza. Mume wa nyanya ni mjukuu wa mtu wa 1903, baba mkwe wako kitukuu, mumeo kilembwe, binti yako kilembwekeza. Ayaandike hivyo kwenye mti wa ukoo, hata kama ni yeye pekee darasani atakayeyasoma.

Wiki hii usiombe jalada kwanza. Kapige picha kila karatasi ya kopo kwa mpangilio ule ule iliyolala, mbele na nyuma, kabla mtu mwenye nia njema hajaipanga kwa tarehe. Mpangilio wa nyanya nao ni habari. Halafu kaa naye asubuhi, wazee huchoka mchana, simu iwe mezani ikirekodi na yeye ajue inarekodi. Usimwulize "ilikuwaje zamani". Mwulize yeye alizaliwa robo gani. Wazee wa nyanda waliosahau umri wao huitaja namba hiyo bila kufikiri, pembe, sehemu, mraba, safu, na sauti hubadilika. Andika namba hiyo kwanza. Hilo ndilo jalada la pili utakaloomba, na halimo kwenye kopo.